Kikapu Hakitumwi Kitupu

Vijana wangu, kila Jumapili baada ya ibada mmoja wenu hunivuta pembeni, simu mkononi. "Mama Bahati, nimefungua duka mtandaoni. Nauza hereni. Nauza mishumaa. Mbona hawanunui?" Ananionyesha picha, nami kabla sijavaa miwani ameshaanza kunieleza kwamba mambo ya siku hizi si kama ya zamani. Sawa, si kama ya zamani. Lakini makosa yenu nayajua yote kwa majina, maana niliyafanya kabla yenu, na mengine niliyafanya mara mbili. Leo nitayasema yote, pamoja na lile moja ambalo nimelificha kwa miaka mingi. Naomba tu msinikatize.

Mimi ni mtu wa Uvira. Nilifika Stockholm na binti mmoja na mfuko mmoja, nikapewa nyumba Hagsätra, pale metro inapoishia. Kwa miaka kadhaa nilisafisha ofisi za watu, hadi goti likakataa. Mkisikia watu wakisema Mama Bahati alikuwa jasiri, alianza biashara ya mtandao wakati wengine hawajui hata kuwasha kompyuta, wasameheni. Mimi mwenyewe sikujua kuiwasha. Nilichagua kuuza vikapu kwa sababu ilikuwa kazi ya kukaa.

Na vikapu vyenyewe sikuvisuka mimi. Vilisukwa na Spesioza, Mrundi wa Spånga, aliyenizidi umri kama miaka kumi hivi. Nilimwita yaya, kama sisi Wakongo tunavyomwita dada mkubwa. Tulijuana kwenye darasa la Kiswidi, tukikaa benchi la nyuma. Yeye alikuwa akisuka chini ya meza somo likiendelea. Mwalimu alimwona, akamwacha, kwa sababu akisuka alijibu maswali vizuri kuliko asiposuka.

Vilikuwa vikapu vya kwao, vyenye kifuniko kilichochongoka juu, vile vinavyobeba zawadi kwenye harusi. Nyasi za Burundi hazikupatikana huku, basi alitumia mabua ya ngano na nyuzi za rafia kutoka duka la vitu vya bustani. Alizungusha bua, akashona kwa sindano, akazungusha tena, na kikapu kimoja cha kawaida kilimchukua siku mbili au tatu. Akimaliza, alitia ndani konzi moja ya maharage makavu, akafunika, akafunga kifuniko kwa uzi mwekundu wenye fundo lake mwenyewe. Nilipomuuliza mara ya kwanza alinitazama kama aliyeulizwa kwa nini watu huvaa nguo.

"Kikapu hakitumwi kitupu," akasema. "Ukimpelekea mtu kikapu kitupu, unaitakia nyumba yake nini?"

Basi, kila Jumamosi alipanda treni kutoka Spånga, akabadilisha mjini, akaniletea vikapu viwili vitatu Hagsätra. Yeye kusuka, mimi kupiga picha, kuandika, kufunga na kutuma. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu, na hatukuyaandika popote.

Sasa makosa. La kwanza lilikuwa bei. Uvira, muuzaji anayetaja bei ya mwisho kwanza huulizwa kama ana homa. Unataja ya juu, mteja anashika kichwa, anajifanya anaondoka, unamwita, mnakutana katikati, mnaachana mkiwa mmejuana. Nikafanya hivyo hivyo mtandaoni. Nikaweka bei ya juu, nikakaa mbele ya kompyuta kungoja watu washike kichwa. Miezi minne sikupata mtu. Nikajifariji na methali, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku moja nikawa nalalamika jikoni kwamba Waswidi hawana hata adabu ya kuja kupatana bei, na binti yangu Bahati, aliyekuwa anakula mkate, akasema bila kuinua macho, "Mamma, ingen prutar på nätet."

Hakuna anayepatana bei mtandaoni. Miezi minne alikuwa anajua! Nikamuuliza mbona hakuniambia, akajibu kwamba sikumuuliza. Nilitaka kumfokea, kisha nikakumbuka kwamba ni kweli sikumuuliza.

Kosa la pili lilikuwa picha. Hili nalionea haya zaidi, kwa sababu nilijivunia sana zile picha. Nilikiweka kikapu juu ya televisheni, juu ya kitambaa nilichofuma mwenyewe, maua ya plastiki upande huu, picha ya marehemu mume wangu upande ule, nikawasha taa zote na kupiga kwa fleshi. Wakati huo kanisani kwetu kulikuwa na Mkenya mmoja, Odhiambo, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji na kuishi Upplands Väsby. Ndiye aliyekuwa akitutengenezea kompyuta ya kanisa. Alikuja nyumbani, akafungua ukurasa wangu, akazipitia picha zote.

"Mama, let me be honest," akasema. "Hapa unauza nini? Mimi naona marehemu."

"Na kikapu je?"

"Kikapu kinakaa kama mgeni amekuja kusalimia marehemu."

Nilimkasirikia, na chai nikampa bila sukari. Akainywa hivyo hivyo. Kisha akachukua kikapu, akakipeleka dirishani, akatandika shuka jeupe, akazima taa zote, akapiga picha tatu. Vijana, nilivaa miwani nikaziangalia upya. Nilikuwa nimekishika kile kikapu mara mia, na sikuwahi kuona kwamba mshono wa Spesioza unapanda kwa mshazari kutoka chini hadi kwenye ncha ya kifuniko.

Basi haya niliyofundishwa na Odhiambo nawapa bure. Mwanga wa dirishani, si fleshi. Desemba hapa Stockholm mwanga mzuri hauzidi saa mbili tatu katikati ya mchana, kwa hiyo picha za siku hiyo upige zote wakati huo na vyombo uoshe baadaye. Weka kitu ambacho kila mtu anakijua ukubwa wake. Mimi niliweka yai. Piga chini ya kikapu, piga ndani, piga mahali uzi ulipoishia, hata kama hapapendezi. Mnunuzi wa mtandaoni hana vidole, wewe ndiye vidole vyake. Na jina: mimi niliandika "Kikapu cha Heshima", jina tamu, lakini hakuna Mswidi anayeamka asubuhi akitafuta kikapu cha heshima. Anatafuta kikapu chenye kifuniko. Andika kwanza anachokitafuta yeye, kisha chini yake umwambie wewe unakiitaje.

La tatu lilikuwa salamu. Mteja wa kwanza kabisa aliandika barua pepe ya mstari mmoja, kuuliza kama kikapu kikubwa bado kipo. Nikamjibu kama nilivyolelewa. Hujambo, nyumbani hawajambo, mke hajambo, watoto wanaendeleaje na shule, wazazi bado wana nguvu, baridi ya huko mnaionaje. Mwisho kabisa nikasema kikapu kipo. Akajibu, "Sina mke. Kikapu kipo?" Kumbe hakufika mwisho. Tangu siku hiyo nikajifunza kujibu kwanza nilichoulizwa, kisha ndipo nisalimie.

Lakini kusalimia sikuacha, na nawaomba nanyi msiache. Kuna bibi mmoja mjane, Gunvor, wa kijiji cha mbali huko kaskazini. Yeye alizijibu salamu zangu zote, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu. Nyonga inamsumbua. Mwanawe yuko nje ya nchi, hapigi simu. Theluji imefika dirishani. Na nyumbani kwangu je, goti linaendeleaje? Akanunua kikapu, na baada ya hapo akawa anatuandikia barua za mkono. Spesioza alizipenda mno. Hakuweza kusoma Kiswidi vizuri, lakini Jumamosi akiingia tu anauliza kama Gunvor ameandika, na mimi namsomea nikitafsiri, naye anaitikia "ego, ego" kwa Kirundi kana kwamba Gunvor yuko sebuleni.

Odhiambo ndiye aliyegundua dawa ya duka letu. Alimwona Spesioza akitia maharage, akauliza, akajibiwa kama nilivyojibiwa mimi. Akanigeukia, "Mama, hii umeiandika wapi?"

"Niandike maharage?"

"Andika vile vile amesema. Usiongeze kitu."

Nikaandika mistari mitatu chini ya picha, Bahati akanisahihishia Kiswidi: kwetu kikapu hakitumwi kitupu, ndani ya chako utakuta konzi ya maharage, ni dua ya msusi kwa nyumba yako. Jamani! Mama mmoja mwenye blogu ya mapambo ya nyumba akaandika habari za kikapu chetu, akapiga picha maharage mkononi mwake. Mwingine akaiga. Wengine waliyapanda kwenye vyungu vya dirishani wakatutumia picha. Kufikia kiangazi watu walikuwa wanapanga foleni kusubiri kikapu, na Spesioza alitembea kanisani shingo imenyooka. Alikuwa amekaa miaka hapa mjini akiitwa mgonjwa wa mgongo kwenye makaratasi ya ofisi. Sasa kulikuwa na watu nyumba kwa nyumba waliojua jina lake kwa kazi yake.

Sasa nafika kwenye lile moja.

Mwezi wa nane, mteja mmoja mwanamke aliandika maoni hadharani kwenye ukurasa wetu: amefungua kikapu, ndani kuna wadudu. Alikuwa sahihi. Gunia la maharage nililokuwa nimemnunulia yaya lilikuwa limekaa vibaya, na wale wadudu wadogo wa maharage walikuwa wamelitoboa. Aliandika neno "insekter" na alama tatu za mshangao. Nililisoma tena na tena. Niliona duka limekufa, nikajiona nimerudi na ndoo na goti langu kwenye korido za ofisi.

Mtu mwenye akili angemwomba radhi yule mama, angenunua maharage mengine, angempigia Spesioza simu. Mimi nilienda kwenye korido yangu, palipokuwa na vikapu sita vinangoja kutumwa, nikafungua lile fundo, nikamwaga maharage kwenye bakuli, nikafunga tena. Fundo lake nilikuwa nimelijua kwa kuliangalia. Nikajiambia ni hivi sita tu. Jumamosi iliyofuata alileta vingine, navyo nikavimwaga. Kwa yaya sikusema neno, kwa sababu nilijua atakataa, na mimi sikutaka kukataliwa.

Na ile mistari mitatu kwenye ukurasa niliiacha pale pale. Nisikilizeni vizuri hapa. Sikuifuta, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inauza. Watu walikuwa wananunua dua, nami nawatumia kikapu kitupu. Mkitafuta wizi katika habari hii, uko hapo.

Tena kuna jambo jingine, nalisema ili nilimalize. Maharage yale mazima sikuyatupa. Mtoto wa Uvira hatupi chakula. Niliyachambua, na yalipofika kiasi cha sufuria niliyapika kwa vitunguu na mawese. Ilikuwa Jumamosi, na Spesioza alikuwa amekuja na vikapu. Nikampakulia. Akala sahani mbili.

"Matamu sana haya," akasema. "Umeyanunua wapi?"

"Pale pale," nikamjibu, na uso wangu sikuugeuza.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa na urefu wa miezi mitatu. Mwezi wa kumi na moja Spesioza alikuja kama kawaida, akaona juu ya meza bahasha yenye mwandiko wa Gunvor. Nilikuwa sijaifungua. Akavua koti, akakaa, akaweka mikono magotini. "Haya, soma."

Nikaifungua nikaanza kutafsiri. Nyonga afadhali. Mwanawe alipiga simu mara moja. Kisha nikaona mistari iliyofuata, nikaisoma kwanza kwa macho. Gunvor alikuwa amemnunulia dada yake kikapu kama chake, zawadi ya kutimiza miaka themanini. Dada yake alifungua kifuniko mbele ya wageni, maana alikuwa amesimuliwa habari ya maharage, na ndani hamkuwa na kitu. Aliona haya. Gunvor aliandika hivi: "Dada yangu hataki niulize, lakini nauliza. Je, kuna kosa alilolifanya hata msusi hakumtakia mema?"

Vijana, yaya hakujua Kiswidi hicho. Ningeweza kusoma chochote. Ningeweza kusema theluji, ningeweza kusema anakusalimu. Nilikuwa tayari nimeshavuta pumzi ya kusema anakusalimu. Lakini nilimwangalia pale alipokaa, amekwisha kutabasamu kabla sijasema, na ulimi haukunitii. Nikamtafsiria kila neno.

Tabasamu lilikaa kidogo, likaondoka. "Nilitia," akasema. "Mimi nilitia. Nakumbuka kikapu chenyewe."

"Ulitia, yaya. Ni miye niliyeyatoa."

"Katika hicho?"

"Katika vyote. Tangu wale wadudu."

Akavitazama vikapu alivyoleta. Nikaona anahesabu kitu kichwani, na nikajua anahesabu nini kabla hajauliza.

"Na ile sufuria?"

Nikainamisha kichwa.

"Mana yanje," akamwita Mungu wake kwa Kirundi, polepole. "Nilikula dua ya watu, na nikaongeza."

Alivaa koti lake, akachukua mfuko wake na vikapu viwili alivyokuwa amevileta, akaondoka. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

Wiki tatu hakushika simu. Kulikuwa na watu kumi na saba waliokwisha kulipia vikapu vya Krismasi. Lakini nawaambia ukweli, nililia, na sikulia kwa ajili ya hao kumi na saba. Nilikuwa nimekuja nchi hii bila dada, nikapewa mmoja kwenye benchi la nyuma, na mimi mwenyewe nikampoteza kwa ajili ya alama tatu za mshangao.

Odhiambo nilimpigia simu nikamweleza yote. Nilitarajia aniambie la kufanya kuhusu wateja. Akauliza swali moja tu.

"Yale maneno bado yako kwa ukurasa?"

"Yako."

"Basi yatoe saa hii, Mama. Ama uyafanye kuwa kweli. Hakuna katikati."

Niliyatoa tukiwa bado kwenye simu. Kisha nikachukua daftari la wateja, nikaandika kwenye karatasi majina ya wote waliopelekewa vikapu vitupu. Yalikuwa thelathini na moja. Nikapanda metro, nikabadilisha treni, nikashuka Spånga, nikagonga.

Spesioza alifungua. Mgeni hafukuzwi, basi alinikaribisha, akanipa chai, akakaa mbele yangu. Nilipomaliza kikombe akasema, "Umekuja kuomba msamaha, au umekuja kuomba vikapu?"

"Nimekuja na majina," nikasema, nikaitoa karatasi.

"Nisomee."

Nikasoma. Kwa kila jina nilitaja kikapu alichokinunua, naye alivikumbuka vyote. Huyo, kile chenye mistari miwili myeusi. Huyo, kile nilichokifumua mara mbili. Huyo, nilikisuka wiki ile mgongo uliponilaza. Majina thelathini na moja yalituchukua muda mrefu, na kufikia la mwisho sauti yangu ilikuwa imekwisha. Ndipo nikasema, "Yaya, nisamehe. Nilikulisha uongo mezani pangu."

Akaichukua karatasi, akaikunja vizuri. "Mimi nilikula, Mama Bahati. Nilishiba. Hao ndio hawakula."

Wiki ile tulikaa mezani kwake siku mbili. Maharage mapya nilinunua mimi, nikayaweka kwanza kwenye friza siku kadhaa, maana Odhiambo alimuuliza mkulima mmoja akaambiwa baridi kali huua mdudu na mayai yake. Andikeni hilo, ninyi mnaouza vitu vyenye nafaka na mbegu. Spesioza alipima konzi kwa mkono wake, moja kwa kila bahasha. Mimi niliandika barua kwa mkono, thelathini na moja. Ya kwanza alitaka nimsomee. Niliandika kwamba tulimwahidi jambo na hatukulitimiza, kwamba msusi aliweka dua yake na ni mimi niliyeitoa, kwa sababu palitokea wadudu na niliogopa.

"Hapo pa wadudu toa," akasema.

"Lakini yaya, ni kweli."

"Ni kweli. Toa. Mtu anayeomba radhi haji na mdudu."

Nikatoa. Barua ikawa fupi, na ikawa nzuri zaidi. Katika miaka yangu yote ya kuandika matangazo, hakuna maneno niliyoyaandika yaliyofanya kazi kama yale, na hayakuwa tangazo.

Majibu yalikuja. Wengine walisema hata hawakuwa wamegundua. Mmoja alitaka kurudisha kikapu, tukamrudishia fedha zake, na alikuwa na haki. Dada yake Gunvor alimwandikia Spesioza mwenyewe, kwa herufi kubwa kubwa ili azisome bila mimi, na alizisoma. Na yule mama wa wadudu, ambaye tulimwandikia pia ingawa yeye alipata maharage kupita kiasi, alijibu kwamba atachukua kikapu kingine, ila safari hii bila wageni. Spesioza alicheka mpaka akakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu ile barua.

Wale kumi na saba wa Krismasi nilikuwa nimekwisha kuandaa kuwarudishia malipo yao. Siku ya pili ya kuandika barua nikamwambia, na nikasema simlaumu kwa kuacha kusuka. Akanitazama.

"Nani alikuambia niliacha kusuka? Niliacha kukuletea."

Akafungua kabati la chumbani. Vilikuwa mle ndani, vimepangwa, vimefungwa nyuzi nyekundu. Ndugu zake walikuwa wamemsaidia kukata mabua, naye hakuwa amelala sana. Vilikuwa kumi na sita, na cha kumi na saba alikuwa nacho mapajani.

Mkiniuliza leo kazi ile ilinipa nini, sitawataja wateja. Namshukuru Odhiambo aliyekunywa chai isiyo na sukari na bado akanifundisha. Nawashukuru Bahati na kiburi chake cha ujana, na Gunvor aliyeuliza wakati dada yake alitaka anyamaze. Hata yule mama wa "insekter" namshukuru, kwa moyo, ingawa ilinichukua miaka. Wote hao walinisahihisha na hakuna aliyeniacha. Ninyi mnataka wafuasi wengi. Mimi nawaombea wachache wa namna hiyo.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi tulikwenda pamoja kutuma. Posta ya kwetu ilikuwa kaunta ndani ya duka la vyakula, na siku hiyo foleni ilifika hadi kwenye maziwa. Tulikuwa na namba yetu ya foleni na mabegi manne ya maboksi, nami sikuwa nimefunga selotepu hata boksi moja. Nilikuwa nimepanga hivyo makusudi. Tulipofika kwenye kaunta nikafungua boksi la kwanza, nikatoa kikapu, nikaanza kulegeza uzi ili yaya aone kwa macho yake kwamba maharage yamo. Nilitaka aone yote, moja moja, kumi na saba. Nyuma yetu watu walianza kuguna.

Spesioza aliweka mkono wake juu ya wangu. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vimechomwachomwa na sindano. Akakaza ule uzi niliokuwa nimeulegeza, akakirudisha kikapu kwenye boksi.

"Funga, Mama Bahati," akasema. "Watu wanangoja."

Akageuka kuangalia machungwa.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingine sita baada ya hapo, na hakuwahi tena kuangalia ndani ya boksi langu hata moja. Aliyekuwa akiangalia ni mimi. Kila boksi, mara mbili, hadi siku niliyostaafu.